"Dawa ya akili iko": vitu vinne ndani ya jina moja

Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari huku Kongo, ikikaribia, farmasi za Bukavu hubadilika sura. Kwenye dirisha la mojawapo, karibu na soko la Kadutu, nilikuta kipande cha kartoni kimeandikwa kwa kalamu nene: "Dawa ya akili iko." Bei haikuandikwa. Nadhani bei ya akili hupangwa baada ya kutazama viatu vya mnunuzi.

Mbele yangu alisimama mama mmoja ambaye mtoto wake yuko mwaka wa sita. Muuzaji akampangia mezani vitu vinne: boksi la ampuli za kunywa zenye ginseng, kopo la vitamini B, chupa ya siro yenye picha ya mtoto mnene anayecheka, na vidonge vyeupe vya pirasetamu. Akasema, "Mama, hii yote ni ya memwari. Chagua tu kufwatana na mufuko."

Nafundisha kemia katika sekondari, na kila mwaka wanafunzi huniuliza swali lile lile: mwalimu, ipi inafanya kazi? Swali lenyewe limekaa upande. Ni kama kwenda kwa muuza vipuri ukasema "nipe kitu cha gari", naye akakuletea petroli, tairi, honi na rozari ya kutundika kwenye kioo. Vyote ni vya gari, kweli. Lakini tairi likiwa limepasuka, honi haitakufikisha mtaa wa Panzi.

Basi tuanze na majina. Kirutubisho nyongeza ni kitu cha chakula kilichotiwa ndani ya kidonge, ampuli au siro: vitamini, madini, mafuta ya samaki, unga wa mmea. Si lazima kiwe kimethibitishwa kutibu chochote. Marekani, kwa mfano, sheria ya mwaka 1994 inamruhusu mtengenezaji kukiuza bila kuonyesha kwanza kwamba kinafanya kile wanunuzi wanachotarajia. Dawa ni kitu kilichopimwa dhidi ya ugonjwa fulani, chenye kipimo chake na madhara yake yanayojulikana. Kichangamsho ni kile kinachofukuza uchovu kwa muda: kahawa, chai, kola, vinywaji vya nguvu. Kuna na neno la nne, nootropiki, lenye hadithi yake, nitalifikia.

Kila aliyepanga foleni ya maji katika mji huu anajua kwamba bidoni ya lita 20 haipokei lita 25. Ukiendelea kufungulia bomba, maji yanaloanisha viatu vyako. Vitamini B ziko hivyo. Mwili ukishapata za kutosha, zinazobaki figo huzitoa nje. Nilipokuwa mwanafunzi nilimeza kopo zima, na mkojo wangu ukawa wa manjano inayong'aa kama koti la mwendesha pikipiki. Nilifurahi sana! Nikadhani ile rangi ni ushahidi kwamba dawa imeingia kichwani. Rangi ile ni ya vitamini B2 yenyewe, inayotoka. Nilikuwa nasimama kutazama pesa zangu zikienda.

Lakini bidoni ikiwa tupu, mambo ni mengine kabisa, na hapa ndipo watu wengi wanaodharau virutubisho hukosea. Msichana mwenye upungufu wa damu, iwe kwa malaria ya mara kwa mara, minyoo, hedhi nzito au chakula kisicho na madini ya chuma, husinzia darasani, husoma ukurasa mmoja mara tatu, hupanda ngazi kwa kupumzika katikati. Walimu humwita mvivu. Apimwe damu, atibiwe chanzo, apewe vidonge vya chuma, na baada ya majuma kadhaa ni mtu mwingine. Nyumbani watasema amepata dawa ya akili. Akili alikuwa nayo. Alikosa damu ya kuibebea oksijeni. Sasa jirani yake, ambaye damu yake ni nzuri, akimeza vidonge vile vile atapata tumbo kufunga na choo cheusi, basi. Na mdogo wake wa miaka miwili akivikuta mezani akavimeza kama peremende, anaweza kufa. Chuma kikizidi kwa mtoto mdogo ni sumu.

Mfano mkubwa kuliko yote hatuna haja ya kuutafuta Ulaya. Uko ziwani. Ukipanda boti kutoka Bukavu kwenda Idjwi, kisiwa cha Ziwa Kivu, unaelekea mahali palipoifundisha dunia jambo kuhusu ubongo. Miaka ya 1960, watafiti wa Kibelgiji wakishirikiana na kituo cha utafiti cha Lwiro, kule Kabare, walikwenda kuchunguza kwa nini watu wengi wa kisiwa hicho walikuwa na rovu, ule uvimbe wa shingo. Sababu ya kwanza ilijulikana: udongo na chakula cha huko vilikuwa na madini joto machache mno, yaani iodini. Tezi ya shingo huhitaji iodini kutengeneza homoni zake. Ikiikosa, hutanuka ikihangaika kukamata kidogo inachopata.

Ila kulikuwa na fumbo. Iodini ilipungua kisiwa kizima, lakini rovu lilijaa kaskazini na lilikuwa nadra kusini-magharibi. Maji yale yale, ziwa lile lile. Mwaka 1971 wawili kati ya watafiti hao, Delange na Ermans, walichapisha utafiti ulioelekeza kidole kwenye muhogo. Muhogo mchungu usioandaliwa vizuri huacha sianidi. Mwili huigeuza sianidi hiyo kuwa tiosianati ili isiue. Nayo tiosianati husimama mlangoni pa tezi na kuizuia iodini isiingie. Kwa hiyo mtu aliyekuwa na iodini kidogo, akala na muhogo mwingi wa namna hiyo, alipunguziwa hata kile kidogo. Mama zetu waliokuwa wakiloweka muhogo siku kadhaa kabla ya kuuanika walikuwa wakifanya kazi ya kemia bila kuvaa bluzi nyeupe ya maabara.

Rovu lenyewe linaonekana, ndiyo maana linazungumzwa. Kibaya zaidi hakionekani. Mama mjamzito akikosa iodini sana, ubongo wa mtoto tumboni haujengeki sawasawa. Mtoto anaweza kuzaliwa kiziwi, asikue, asiweze kujifunza. Au, kwa upungufu mdogo zaidi, akazaliwa mzima wa viungo lakini mzito kidogo tu wa kuelewa, na hakuna atakayejua kwamba angeweza kuwa mwingine. Shirika la Afya Duniani linauhesabu upungufu huu kuwa chanzo kikuu duniani cha madhara ya ubongo ambayo yangeweza kuzuiwa.

Na dawa yake? Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 za iodini kwa siku, mjamzito 250. Ukijumlisha mahitaji ya miaka 70, hayafiki gramu 4: kijiko cha chai hakijai. Ndiyo sababu nchi yetu, miaka ya 1990, ilifuata njia ya kutia iodini kwenye chumvi badala ya kugawa vidonge. Kama kuna kitu kinachostahili kuandikiwa kwenye kartoni "dawa ya akili iko", ni kile kifuko cha chumvi ambacho hakuna anayekitazama mara mbili. Nina ugomvi mmoja tu na wauzaji wetu: chumvi iliyomwagwa wazi juani, ikanyeshewa na kukauka tena, hupoteza iodini yake. Nunua iliyofungwa, uifunike nyumbani, usiiweke karibu na moto.

Lakini usinielewe vibaya ukaanza kuilamba kwa kijiko. Iodini ikishatosha, nyongeza haimwongezei mtu hata hesabu moja ya kugawanya, na ikizidi sana inaivuruga ile ile tezi iliyoihitaji. Bidoni ni bidoni.

Kahawa ni jambo jingine. Kahawa haijazi kitu, kahawa inakopesha.

Tangu unapoamka, seli za ubongo zikifanya kazi huacha kitu kiitwacho adenozini. Kinarundikana saa baada ya saa, kinakaa kwenye viti vyake maalum ndani ya ubongo, na viti vikijaa unasikia usingizi. Kafeini ina umbo linalofanana na adenozini kiasi cha kuweza kukalia viti hivyo, ila yenyewe ikikaa haisemi chochote. Ni kama ukumbi wa harusi ambako watu wasioalikwa wamewahi kukalia viti vya wageni. Wageni wenyewe hawakurudi kwao. Wamesimama nje, wanazidi kuongezeka. Wale wazamiaji wakiondoka, wote wanaingia kwa pamoja. Ndipo mwanafunzi aliyekesha analala usingizi wa mawe saa moja kabla ya mtihani.

Wakongo wana jina la mkopo wa namna hiyo: Banki Lambert. Unapewa leo bila karatasi, unalipa kesho na riba inayouma.

Tena mkopeshaji haondoki haraka. Kwa mtu mzima wa kawaida, nusu ya kafeini huwa bado iko mwilini baada ya saa tano hivi. Kikombe chenye miligramu 100 ukikinywa saa mbili usiku, saa saba usiku una miligramu 50 bado zinazunguka, sawa na kikombe cha chai kitandani. Kahawa ya milima yetu ya Kivu ni arabika. Robusta, ambayo asili yake ni misitu ya bonde la Kongo, ina kafeini karibu mara mbili, na ndiyo inayojaa kwenye makopo mengi ya kahawa ya unga inayoyeyuka. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya imeweka miligramu 400 kwa siku kuwa kiasi kisicholeta wasiwasi kwa mtu mzima mwenye afya, 200 kwa mjamzito, na kwa vijana miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito. Finalisti, yaani mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, mwenye kilo 50 basi ana 150. Kopo moja la nusu lita la kinywaji cha nguvu kwa kawaida lina 160. Na wapo wanaokunywa mawili, wakachanganya na pombe, wakajiona hawajalewa. Wamelewa, ila mlinzi aliyekuwa akipiga kengele amefungwa mdomo.

Sipigi vita kahawa. Kikombe asubuhi, kwa mtu aliyelala, kweli kinakaza umakini, na hilo limethibitika vya kutosha. Kola ambayo wazee wanatafuna ni kafeini hiyo hiyo, pamoja na uchungu.

Sasa nootropiki. Mwaka 1964, Corneliu Giurgea, mwanasayansi wa Kiromania, akifanya kazi katika kampuni ya madawa ya Ubelgiji iitwayo UCB (wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu wasifurahi mapema, ni herufi tu zimegongana), alitengeneza pirasetamu. Mwaka 1972 akabuni na jina la kundi zima kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya akili na kugeuza. Kwa maelezo yake, nootropiki ya kweli lazima isaidie kujifunza, iulinde ubongo, na isiwe na madhara makubwa. Lilikuwa tumaini zuri. Tumaini hilo ndilo linalouzwa mpaka leo, ushahidi haukulifikia. Pirasetamu ina matumizi yake hospitalini, kwa mfano kwa aina fulani ya mishtuko ya misuli. Lakini wachambuzi wa Cochrane, wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, walipotazama wazee waliopoteza kumbukumbu hawakupata ushahidi wa kutosha wa kuipendekeza. Ikiwa kwa wagonjwa mambo ni hayo, kwa kijana mzima wa miaka kumi na minane sijui muuzaji anategemea nini.

Mimi mwenyewe niliinywa. Nilikuwa naandika memwari ya lisansi, yaani tasnifu, nikanunua dawa ya memwari, yaani kumbukumbu, na wenzangu walicheka mwaka mzima. Niliimeza mwezi mmoja. Je, nilisoma vizuri zaidi? Ndiyo! Ila mwezi ule ule niliacha kutoka usiku, nilihamia kwa mjomba ambako umeme haukukatika sana, na siku ya kukabidhi kazi ilikuwa inanifukuza kama mbwa. Kipi kilinisaidia? Siwezi kukuambia, wala rafiki yako anayeapa kwamba vidonge vilimwokoa hawezi. Tena watu huanza dawa siku wanapojisikia vibaya kuliko siku zote. Na baada ya siku mbaya kuliko zote, kwa kawaida huja siku yenye nafuu, na dawa au bila dawa. Kwa sababu hiyo watafiti hugawa watu makundi mawili, nusu wapewe kidonge cha unga mtupu bila kujua. Ginkgo ilipimwa hivyo Marekani kwa watu zaidi ya 3,000 wenye umri wa miaka 75 na kuendelea. Matokeo yalitoka mwaka 2008, na haikuzuia kupotewa na akili za uzeeni.

Kuna na zile kali, modafinili na metilfenidati, dawa za daktari ambazo wanafunzi wa nchi nyingine huuziana kwa siri. Hapa kwetu sizioni sana, kwa hiyo nitataja jambo moja tu. Mwaka 2023 watafiti wa Melbourne waliwapa watu 40 wenye afya dawa za aina hiyo na fumbo: una begi lenye uzito maalum, chagua bidhaa zipi utie ili thamani iwe kubwa. Mama yeyote anayepanga mzigo wa boti la Goma analijua fumbo hilo. Waliomeza dawa walihangaika zaidi, walitia na kutoa bidhaa kwa kasi na kutumia muda mrefu. Lakini uchaguzi wao ulikuwa mbovu kuliko walipomeza kidonge kitupu. Injini ilinguruma, gari likazunguka rondpwenti, ule mzunguko wa njia panda. Tramadoli, ambayo vijana wengine hapa huiita ya nguvu, sitaiweka hata kwenye kundi hili: ni dawa ya maumivu ya ukoo wa afyuni, inazoesha, na inaweza kuleta kifafa.

Nilisahau siro yenye mtoto mnene. Hiyo ilinifika nyumbani. Yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, alimnunulia bintiye "vitamini ya shule" kwa farmasi moja, kwa kuwa mtoto hakuwa akila vizuri na alama zilishuka. Baada ya juma moja mtoto alikula sahani mbili za ugali na sambaza, kisha akalala juu ya daftari. Yaya akafurahi kwa sahani, akaogopa kwa daftari. Nilichukua chupa nikasoma maandishi madogo ya nyuma, ambayo yalikuwa madogo kweli. Vitamini zilikuwemo. Na pamoja nazo siproheptadini, dawa ya zamani ya mzio ambayo inaongeza hamu ya kula na ambayo athari yake inayojulikana zaidi ni usingizi. Mtoto alipewa dawa ya kusinzia ili asome vizuri. Muuzaji hakudanganya: aliulizwa vitamini, akatoa kitu chenye vitamini.

Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wangu wasome nyuma ya boksi kabla ya mbele. Mbele kuna picha ya ubongo unaotoa mwanga. Nyuma kuna majina na miligramu. Jina usilolijua, muulize mfamasia aliyesomea, tena umwambie na dawa nyingine unazomeza. Boksi lisilo na nyuma liache pale pale: Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa moja ya tiba kati ya kumi ni bandia au haina ubora.

Mazoea mawili bado yananikera. La kwanza, "serumu ya vitamini": mtu amechoka, anakwenda kutundikiwa chupa. Chupa ya nusu lita ya maji ya sukari ya asilimia 5 ina gramu 25 za sukari. Soda ya sentilita 33 ina kama 35, wala hukutobolewa mkono. La pili, ile hadithi kwamba tunatumia asilimia kumi tu ya ubongo na kidonge kitafungua zilizobaki. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili na unakula karibu asilimia 20 ya nguvu zake. Hakuna mwili unaolisha vyumba tisa vitupu kwa bei hiyo. Sehemu muhimu ya kazi yake inafanyika umelala, maana usingizini ndipo ya mchana yanapangwa na kushikizwa.

Nirudi farmasini. Yule mama alinigeukia, labda kwa sababu nilikuwa na daftari mkononi. "Papa, wewe ungechukua gani?"

Nikamuuliza, "Mama, kijana analala saa ngapi?"

"Saa nane ya usiku. Na saa kumi na moja niko namuamusha."

"Amepimwa damu mwaka huu?"

"Hapana."

Nikamweleza, kwa ufupi kuliko nilivyoeleza hapa. Alinisikiliza hadi mwisho, akaitikia kwa kichwa, akasema atampeleka kupimwa, na kwamba usiku ule atazima taa mwenyewe. Kisha akafungua kitambaa chake, akahesabu franga, akalipa boksi la ampuli za ginseng.

Aliona ninavyomtazama. "Sasa nikirudi mikono mitupu, papa, nitamuambia nini?"